Kumi na mbili ya mwezi gani? Kisa cha fomu iliyofaulu kila jaribio

Fomu yenyewe ilikuwa ndogo. Mtu anaandika jina na namba ya simu, anachagua siku kwenye kalenda, anachagua saa, anabonyeza kitufe, na miadi yake ya kumwona daktari imeshawekwa. Ilijengwa na wasanidi watatu. Mimi niliitwa baadaye, kazi ikiwa imeshapita ukaguzi na kuwekwa hewani, kwa sababu ya lalamiko moja: mtumiaji asiyeona alijaribu kuweka miadi mara nne, na mara zote nne akaishia njiani.

Ubovu wa fomu haukunishangaza. Fomu mbovu ni nyingi kuliko nzima. Kilichonivuta ni kwamba timu hii ilikuwa imeijaribu kwa kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini, tena bila kubabaisha. Walipakua NVDA, mojawapo ya visoma skrini, wakakaa nayo siku mbili, wakaipitia fomu kuanzia juu mpaka chini, wakaandika ripoti ya ukurasa mmoja na nusu. Neno la mwisho kwenye ripoti lilikuwa "imepita". Kisa ninachokichambua ni cha ripoti ile. Kasoro za fomu nitazitaja kwa sababu bila hizo ripoti haieleweki.

Alama 100

Walianza pale wanapoanza wengi, kwenye chombo cha kukagua chenyewe. Lighthouse, iliyomo ndani ya Chrome, iliwapa alama 100 za ufikivu, yaani urahisi wa kutumika na watu wenye ulemavu. Furaha yao naielewa. Shirika la WebAIM, linaloshughulikia ufikivu wa tovuti, hukagua kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja, na mwaka 2024 lilikuta asilimia 95.9 ya kurasa hizo zina angalau kosa moja ambalo mashine peke yake inaweza kuligundua. Timu ikajiona imo katika wale wachache waliobaki.

Ila chombo cha namna hiyo kinauliza maswali ya karani. Kitufe kina jina? Kina. Picha ina maelezo? Inayo. Kisanduku kina lebo? Kinayo. Kama jina la kitufe linamwambia mtu kitu chochote, hilo si swali la karani. Kwa haki yao, wasanidi hawa walilijua hilo, ndiyo maana hawakuishia hapo. Walitafuta kisoma skrini.

Walichagua NVDA kwa sababu ya mfuko, na ni sababu nzuri. Ni programu ya bure, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, msanidi asiyeona, baadaye akaungana naye James Teh, naye pia haoni. JAWS, mkongwe wa kazi hii, inauzwa. Bila leseni inafanya kazi dakika 40, kisha inakulazimu uwashe kompyuta upya. Kwa anayejifunza, dakika 40 zinaisha kabla hujakumbuka kitufe cha kunyamazisha sauti. (Ni Ctrl. Ukijifunza kimoja tu siku ya kwanza, jifunze hicho.)

Niliwaomba wanionyeshe walivyojaribu, si wanieleze. Mmoja akakaa kwenye kompyuta, wenzake wawili wakasimama nyuma yake. NVDA ikawashwa. Sauti ilikuwa ngeni na ya haraka, kwa hiyo wakafungua na lile dirisha dogo linaloandika kila neno ambalo NVDA inalitamka. Halafu ikawa Tab, Tab, Tab. Kila Tab ilikuwa na sauti, kila sauti ilikuwa na maandishi, na kila maandishi yalikuwa na mahali pake pa kuonekana kwenye skrini. Walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Sikusema kitu. Niliomba tu tumwite mtu anayetumia kisoma skrini kila siku, naye aifanye kazi moja: aweke miadi.

Siku ya mama

Aliyekuja ni mama mtu mzima aliyetumia visoma skrini kwa miaka mingi. Tulimwandalia kompyuta, akaikataa kwa upole. Alikuja na yake. "Hiyo ya kwenu haijui masikio yangu," alisema. Akaiwasha, na sauti iliyotoka hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuifuata. Kwetu ilikuwa kama mvua juu ya bati; kwake yalikuwa ni maneno.

Hakugusa Tab. Alibonyeza herufi H, inayorukia kichwa cha habari kinachofuata. Hiyo si tabia yake peke yake. Katika uchunguzi wa WebAIM wa watumiaji wa visoma skrini uliotoka mwaka 2024, zaidi ya asilimia 70 ya waliojibu walisema kwamba wakitafuta kitu kwenye ukurasa mrefu wanaanza kwa kupita kwenye vichwa. Ukurasa wetu ulikuwa na kichwa kimoja, nacho ni jina la tovuti. "Weka miadi" iliandikwa kwa herufi kubwa na nene, lakini ndani ya msimbo ilikuwa ni div iliyopambwa, kisanduku kitupu kisichoiambia mashine kwamba hapa pana kichwa.

"Mmeificha wapi fomu, wanangu?"

Akabonyeza E, ya kurukia visanduku vya kuandikia, akaipata. Jina, sawa. Namba ya simu, sawa. Aliiandika kwa mafungu, tarakimu tatu, nafasi, tatu, nafasi, nne, kama alivyozoea kuitamka. Kisha akaingia kwenye kalenda.

"Kumi na mbili," ilisema sauti, na baada yake neno la kuonyesha kwamba hicho ni kitufe. "Kumi na tatu." "Kumi na nne."

Akasimama. "Mwanangu, kumi na mbili ya mwezi gani?"

"Ya mwezi huu, mama," alijibu yule aliyeijenga kalenda. "Si imeandikwa pale juu."

Neno "pale juu" likabaki limening'inia chumbani. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa, kwa sababu hakusema kitu tena mpaka mwisho.

Mama akachagua kumi na nne. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Kwenye skrini sote tuliona kwamba kumi na nne imepigwa mstari, haina nafasi. Akaenda kumi na tano, akabonyeza. Kimya tena, ila safari hii kule chini ya kalenda zilijitokeza saa sita tofauti za kuchagua. Yeye hakuambiwa. Kwa kuwa hakuambiwa, akabonyeza mara ya pili, na kitufe kile kilikuwa cha kuwasha na kuzima, saa zikatoweka. Akabonyeza ya tatu, zikarudi. Msanidi mmoja akafungua mdomo ili amsaidie, nikamwomba kwa ishara anyamaze. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika majaribio ya namna hii, na haina chombo cha kuipima: kuacha mtu ahangaike mbele yako kwa kosa lako.

Alizikuta zile saa kwa kushuka na mshale, mstari kwa mstari. Akachagua, akafika kwenye kitufe cha mwisho, akabonyeza.

Kimya.

Akageuza uso kuelekea kwetu. "Imekubali?"

Haikuwa imekubali. Juu kabisa ya ukurasa kulikuwa na maandishi mekundu: namba ya simu isiwe na nafasi katikati.

Ripoti ilivyoweza kusema "imepita"

Alipoondoka tuliketi na ile ripoti, tukaisoma mstari mmoja mmoja. Jambo la kwanza kukubaliana lilikuwa gumu kumeza: hakuna mstari hata mmoja uliokuwa wa uongo. "NVDA inasoma kila tarehe." Kweli. "Kila kitufe kinafikika na kinabonyezeka." Kweli, kwao. "Ujumbe wa kosa upo kwa maandishi, si kwa rangi tu." Kweli kabisa.

Kosa lilikuwa kwa msikilizaji. NVDA iliposema kumi na mbili, sikio lilipokea kumi na mbili, na jicho likaongeza jina la mwezi, siku ya juma, na kwamba haijapigwa mstari. Vyote hivyo viliunganishwa kichwani kwa kasi ambayo mtu haioni. Msanidi akaamini amesikia tarehe nzima. Na lile dirisha la kuandika maneno, ambalo ni zuri kwa kazi nyingine, lilizidisha tatizo: jaribio la kusikia likageuka kuwa jaribio la kusoma.

La pili ni Tab. Msanidi anayeona akijifunza kisoma skrini hushika Tab kwa sababu anaijua tayari. Lakini Tab inatua tu penye kitu cha kubonyeza au kujaza. Aya za maelezo, vichwa, majedwali, maandishi mekundu ya kosa, vyote inaviruka. Wasanidi wetu walitumia siku mbili na NVDA bila kusikia hata mara moja aya ya maelekezo waliyoiandika wenyewe. Hawakugundua, kwa kuwa waliijua kwa moyo. Hali ya kusoma, ile ambayo mishale inapita mstari kwa mstari na herufi moja moja zinarukia vichwa, viungo na visanduku, hawakuijua kwamba ipo.

La tatu ndilo lililonifanya niandike kisa hiki, kwa sababu nimelikuta kwingine pia na sijaona likisemwa vya kutosha. Kisoma skrini kinaweza kuficha kosa.

Vitufe vya kalenda havikuwa vitufe. Vilikuwa div zilizopewa role ya button (tangazo kwamba hiki ni kitufe) na tabindex (ruhusa ya kufikiwa kwa Tab), na kazi yake ilifungwa kwenye tukio la kubofya peke yake. Kitufe halisi cha HTML, lugha ya kujengea kurasa, kikibonyezwa Enter au nafasi (Space), kivinjari chenyewe kinalichukulia hilo kuwa ni kubofya. Div haina zawadi hiyo. Lazima uiandikie mwenyewe. Kwa hiyo mtu asiyeweza kushika kipanya, anayetumia kibodi tu na macho yake mazima, anafika kwenye tarehe, anabonyeza Enter, na hakuna linalotokea. Lakini NVDA ikiwa katika hali ya kusoma, Enter haiendi kwenye ukurasa moja kwa moja. NVDA inaikamata, inaona chini yake pana kitu cha kubonyeza, inakibofya kwa niaba yako. Wasanidi walibonyeza Enter, tarehe ikachaguliwa, wakaandika "kinabonyezeka". Wangezima NVDA na kurudia kitendo kile kile kwa kibodi tupu, fomu ingeganda mikononi mwao.

Yaani jaribio zito lilipita na jaribio jepesi lingeanguka, na jepesi halikufanywa kwa sababu zito lilikuwa limeshapita. Tangu hapo mimi huanza na kibodi bila sauti yoyote.

La nne ni la lugha, na hapa hata mama hakutusaidia. Ukurasa mzima ulikuwa wa Kiswahili, lakini mstari wa kwanza wa HTML ulisema lang="en", yaani lugha ni Kiingereza, kama ulivyotoka kwenye kiolezo. Kisoma skrini kinauamini mstari huo. Wasanidi walisikia maneno yao yakitamkwa kwa matamshi ya Kiingereza. "Pole" ya kwenye ujumbe wa kosa ilitoka kama "pole" ya Kiingereza, yaani mlingoti. Walidhani mashine haijui Kiswahili, wakaona ndivyo ilivyo. Wakati eSpeak NG, sauti inayokuja ndani ya NVDA yenyewe, inasoma Kiswahili. Ilikuwa inasubiri kuambiwa.

Na mama? Tulipomuuliza baadaye kwa simu alicheka. Alikuwa amezima zamani ule mpangilio wa kubadili sauti kulingana na lugha ya ukurasa. "Tovuti nyingi za Kiswahili zinajiita za Kiingereza, mwanangu. Ningekuwa nimeshakuwa kichaa." Alikuwa ameizoea kasoro hiyo kiasi cha kuijengea ukuta, na ukuta ukaizuia isionekane kwenye jaribio letu. Wasioijua mashine waliisikia wakaisamehe. Anayeijua hakuisikia kabisa. Ingebaki hapo milele kama mmoja wetu hangefungua msimbo kutafuta kitu kingine.

Dawa iliyozidi ugonjwa

Siku iliyofuata, kabla hatujakubaliana lolote, yule msanidi wa kalenda alikuwa ameshakesha. Alisoma kuhusu ARIA, zile alama za ziada kwenye msimbo zinazokieleza kisoma skrini kitu ni nini, usiku kucha na akaja na marekebisho. Nia ilikuwa njema, na alinikumbusha mimi mwenyewe miaka ya nyuma.

Kalenda yote aliizungushia role ya application. Jina linavutia: kalenda si ni programu ndogo? Ila role hiyo inakiambia kisoma skrini kiache hali yake ya kusoma na kupeleka kila kitufe cha kibodi kinachobonyezwa kwenye ukurasa, kwa ahadi kwamba ukurasa utakishughulikia. Ukurasa haukuwa na mpango wowote na mishale. Aliyeingia ndani ya kalenda akakuta mishale imekufa, H imekufa, imebaki Tab. Na ile Enter ambayo NVDA ilikuwa inaisaidia? Nayo ikafa. Angalau sasa kosa lilionekana.

Kisha akaweka aria-live yenye nguvu ya assertive, inayokatiza chochote kinachosemwa, kwenye kila kitu kinachobadilika. Mojawapo ya vinavyobadilika ilikuwa saa ya kurudi nyuma, ya dakika 10, iliyokuwa pembeni ikihesabu muda wa kumaliza fomu. Tuliwasha NVDA. Dakika tisa, sekunde hamsini na tisa. Dakika tisa, sekunde hamsini na nane. Huwezi kusikia jina lako mwenyewe unapoliandika. Tuliicheka sana, kisha tukanyamaza, kwa kuwa ile saa ilifungua swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: dakika 10 zimetoka wapi, na zinamtosha nani? WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, unataka mtu aonywe kabla muda haujamwishia na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo rahisi, kama kubonyeza kitufe kimoja. Yetu ilikuwa inafuta kila kitu bila kuaga. Mojawapo ya zile mara nne za mlalamikaji huenda iliishia hapo.

Kanuni ya kwanza ya ARIA, kwa maneno ya wenyewe wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ni kwamba kama HTML ina kitu cha asili kinachofanya kazi unayoitaka, kitumie hicho. Inarudiwa sana mpaka haisikiki.

Iliyobaki baada ya kupunguza

Marekebisho ya kweli yalikuwa ya kufuta. Kalenda iliondoka yote. Kliniki ilikuwa na siku zisizozidi kumi zenye nafasi kwa wakati mmoja. Kwa nini mtu apitishwe kwenye vyumba 42 vya gridi ili azipate? (Vyumba 42 ni safu sita za siku saba. Kwenye simu, anayetumia TalkBack au VoiceOver, visoma skrini vya simu, anavipita kwa kutelezesha kidole, kimoja kimoja, ndipo afikie kilichopo chini.) Mahali pake tukaweka orodha ya vitufe vya kuchagua kimoja, ndani ya fieldset (kundi la vitu vya fomu) yenye legend (jina la kundi) "Chagua siku", na kila kimoja kina jina lake kamili: Jumatatu, 12 Mei. Zisizo na nafasi hazikuwekwa kabisa.

"Weka miadi" ikawa kichwa halisi. Kitufe cha mwisho kikawa button. Herufi mbili za lang zikabadilika kuwa sw. Saa ya kurudi nyuma ikatolewa; nafasi sasa inashikwa pale mtu anapothibitisha, na kama imechukuliwa na mwingine anaambiwa. Namba ya simu ikaruhusiwa kuja na nafasi zake, kwani kuziondoa ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo na haikuwa na sababu ya kuwa kazi ya mama.

Kwa makosa yaliyobaki, fokasi, yaani mahali kibodi ilipo kwenye ukurasa, inahamia kwenye muhtasari wa makosa, na kila kosa ni kiungo kinachompeleka mtu kwenye kisanduku chake. Hapa tuligundua kwamba kimya kile hakikuwa cha wasioona peke yao. Anayekuza skrini anaona kipande kidogo cha ukurasa kwa wakati mmoja. Akiwa chini kwenye kitufe, maandishi mekundu ya kule juu kwake hayapo. Anayeendesha kompyuta kwa sauti yake alikuwa na tatizo jingine kwenye kitufe hicho hicho: kilionekana kimeandikwa "Thibitisha", huku jina la ndani, lililosahaulika kwenye aria-label, likiwa "submit". Akisema "bofya Thibitisha", programu inatafuta kitu ambacho hakipo. Tuliifuta ile aria-label, na hilo likaisha.

Ujumbe wa saa zinazojitokeza ulitusumbua zaidi ya tulivyotarajia. Msanidi aliuweka ndani ya eneo lenye role ya status, namna ambayo WCAG 2.1 ya mwaka 2018 inaitambua kwa habari zinazopaswa kusikika bila kuhamisha fokasi. Kwenye kompyuta moja ulisikika, nyingine kimya. Alikuwa analitengeneza eneo na maneno yake kwa wakati mmoja. Visoma skrini huangalia mabadiliko ndani ya eneo vinavyolijua. Lazima liwepo tangu ukurasa unapofunguka, tupu, ndipo maneno yatiwe. Tulipolitanguliza, likasikika kote.

Na liliposikika, tukasikia lilichosema. Maandishi yalikuwa "Saa 6 zipo wazi", na kwa jicho hakuna aliyeyatilia shaka. Sauti ikatamka: saa sita zipo wazi. Chumba kizima kikafikiria adhuhuri. Sasa inasema "Nafasi 6 zimepatikana".

Walivyojifunza upya

Niliwapa wiki mbili, na ya kwanza niliwakataza kugusa tovuti yao. Mtu hawezi kujifunza chombo na kupima kitu kwa wakati mmoja. Akikwama hajui kama amekwama yeye au ukurasa. Walisoma habari, walitafuta ratiba, walijaza fomu za wengine, wakijizoeza mishale, H, F, K na B, na kubadilisha kati ya hali ya kusoma na hali ya kujaza kwa kitufe cha NVDA pamoja na nafasi. Wiki ya pili wakawasha pazia la skrini, mpangilio wa NVDA unaofanya skrini iwe nyeusi kabisa, na lile dirisha la maandishi likafungwa. Aliyejenga sehemu haruhusiwi kuijaribu. Anayejaribu anapewa kazi, si orodha ya vitu vya kukagua, na anaandika alichosikia kabla pazia halijainuliwa. Daftari la kwanza la mmoja wao lina mstari ninaoupenda: "Nimesikia 'chagua' mara tatu. Sijui nachagua nini."

Pazia lina hatari yake. Msanidi aliye gizani hawi mtu asiyeona. Anakuwa mtu anayeona aliyepotea, na malalamiko yake ni ya mgeni. Mmoja alitaka tufute neno "kitufe" kila linapotajwa, linamchosha. Kwa mama, kwa kasi yake, neno hilo ni kama nukta mwisho wa sentensi. Likikosekana ndipo analishtukia. Msanidi huyo huyo hakuona tabu na kimya cha baada ya kutuma, kwa sababu kwake kila kimya kilikuwa cha kujifunza: alisubiri tu. Kwa hiyo sheria ikawa kwamba kwa pazia wanatafuta kilichokosekana, lakini hawapunguzi chochote kinachosikika mpaka mtumiaji wa kweli aseme kinamkera.

Mama alirudi baada ya mwezi, na kompyuta yake. H mara mbili, akawa ndani ya fomu. Jina, simu kwa mafungu yake, siku, saa, akathibitisha. Sauti ikamwambia miadi imewekwa, na fokasi ikamweka kwenye ukurasa wa tiketi. Yule msanidi wa kalenda alikuwa tayari anatabasamu.

Mama akashuka mshale mmoja, wa pili, akarudi juu, akashuka tena.

"Na namba ya miadi yangu iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya picha ya tiketi, iliyochorwa vizuri pamoja na mstari wake wa kuskani. Maelezo ya picha yalikuwepo, neno moja: "Tiketi". Lighthouse iliipa 100.